Miraji na Safari za Mbinguni za Mataifa Mengine: Kufanana si Kunakili

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Kila unapoingia mwezi wa Rajabu, kisa cha Israa na Miraji husomwa misikitini na katika madrasa zetu. Na kila mwaka limekuwa likirudi swali ambalo zamani lilikuwa katika vitabu vya wamishionari tu, na leo kijana analikuta katika simu yake: je, si kweli kwamba Wafursi, Mayahudi na Wakristo walikuwa na visa vya watu waliopanda mbinguni kabla ya Uislamu? Na kama walikuwa navyo, Miraji ina jipya gani?

Swali hili halijibiwi kwa hasira, wala kwa kumwambia muulizaji kwamba imani yake ni pungufu. Lina jibu la kielimu. Lakini katika kulitafuta jibu hilo tumeona jambo ambalo maimamu na wanafunzi wanapaswa kuliangalia kwa makini: hoja nyingi zinazotumiwa dhidi ya Miraji hazitoki katika Qur'ani wala katika hadithi zilizothibiti. Zinatoka katika visa vya wasimuliaji, ambavyo sisi wenyewe tumevisambaza.

MADAI YENYEWE

Aliyeyatia madai haya nguvu kwa wasomaji wa Kiingereza ni W. St. Clair Tisdall, mmishionari wa Kianglikana aliyefanya kazi Uajemi. Alikiandika kitabu chake kwanza kwa Kifursi, kisha mwaka 1905 akatoa kitabu kikubwa zaidi kwa Kiingereza kuhusu kile alichokiita vyanzo vya asili vya Qur'ani. Humo alidai kwamba kisa cha Miraji kimefuata kisa cha Kimajusi kiitwacho Arda Viraf Namag, na akasema kwamba kisa hicho kilitungwa miaka kama 400 kabla ya Hijra, zama za mfalme Ardashir.

Kisa chenyewe ni hiki. Makuhani wa Kimajusi walikuwa na shaka kama ibada zao zinafika, baada ya dini yao kuvurugwa na uvamizi wa Alexander. Wakamchagua mtu mwema aitwaye Viraf, wakamnywesha divai iliyochanganywa na dawa ya kulevya, akalala siku saba. Roho yake ikavuka daraja la Chinvat ikiongozwa na viumbe wawili watukufu, ikapita kituo cha nyota, cha mwezi na cha jua, ikaona raha ya watu wema, kisha ikaona adhabu za waovu. Alipoamka, akamwita mwandishi akamwandikisha yote aliyoyaona.

Kabla ya kulihukumu dai hili, tuweke mizani. Mwenye kudai kwamba kisa fulani kimenakiliwa kutoka kingine anatakiwa athibitishe mambo matatu. Kwanza, kile kinachodaiwa kuwa asili kiwe kimetangulia kwa tarehe. Pili, ijulikane njia ambayo kilipitia hadi kumfikia huyo anayedaiwa kunakili. Tatu, kufanana kuwe katika jambo mahususi, si katika fikra ya jumla ambayo mataifa mengi yanayo, kama vile kwamba mbingu ziko juu, na kwamba kuna malipo kwa wema na wabaya.

Tukipima kwa mizani hii, dai la Tisdall linaanguka katika sharti la kwanza tu. Wataalamu wa lugha ya Kipahlavi wa zama zetu wameeleza kwamba Arda Viraf Namag kama tulichonacho leo kilipata umbo lake la mwisho katika karne ya 9 au ya 10 Miladia, yaani baada ya Uislamu kuingia Uajemi kwa zaidi ya miaka 200. Dibaji yake yenyewe ina dalili za kuandikwa baada ya dola ya Wasasani kuanguka. Zama za mfalme Ardashir ni zama za kisa, si zama za kuandikwa kitabu. Kuchanganya mawili haya ni kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa elimu ya hadithi halikosei, kwa sababu amefundishwa kutofautisha baina ya tukio na sanadi ya anayelisimulia.

Lakini uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Fikra ya kuhani anayeonyeshwa Akhera ilikuwepo Uajemi kabla ya Uislamu. Kartir, kuhani mkubwa wa Kimajusi wa karne ya 3 Miladia, aliacha maandishi juu ya mawe yanayotaja safari ya namna hiyo. Hatukatai. Tunachokataa ni kuruka kutoka katika "fikra ilikuwepo" hadi "kitabu kilinakiliwa" bila ya kuonyesha njia.

KWA MAYAHUDI NA WAKRISTO

Mayahudi wana visa vingi vya aina hii. Kitabu cha Henoko, ambacho vipande vyake vya Kiaramu vilipatikana katika mapango ya Qumran, kimehifadhiwa kwa ukamilifu katika lugha ya Kigeez huko Uhabeshi, na hadi leo Kanisa la Orthodox la huko linakihesabu katika Biblia yake. Kinasimulia jinsi Henoko alivyochukuliwa hadi kwenye nyumba ya moto na barafu akaona kiti cha enzi. Baadaye yakaja maandiko yaitwayo Hekhalot, yaani majumba, ambayo wataalamu wametofautiana sana juu ya tarehe zake. Humo mpandaji hupita majumba saba, na kwenye kila mlango wapo walinzi wakali. Hawamruhusu mpaka awaonyeshe mihuri na majina ya siri. Na katika Talmud ya Babeli mna kisa cha wanachuoni wanne walioingia bustanini: mmoja akafa, mmoja akapata wazimu, mmoja akapotoka, na akatoka salama Rabi Akiva peke yake.

Kwa Wakristo, Paulo anataja katika barua yake ya pili kwa Wakorintho mtu aliyenyakuliwa hadi mbingu ya tatu akasikia maneno yasiyoruhusiwa kusemwa. Kwa kuwa Paulo alinyamaza, wasimuliaji wakasema badala yake: kikatungwa kitabu kirefu cha Ufunuo wa Paulo, kilichojaa maelezo ya Pepo na Moto. Augustino, mwanachuoni mkubwa wa Wakristo aliyefariki mwaka 430, alikikemea kitabu hicho na kuwashangaa waliodhani kwamba wanaweza kuyasema yale ambayo Paulo mwenyewe alisema hayasemeki. Msomaji alishike jambo hili, kwani tutalirudia.

Kati ya mifano yote aliyoileta Tisdall, mmoja una uzito. Katika Wasia wa Ibrahimu, kitabu cha kale kilichohifadhiwa kwa Kigiriki, Ibrahim anamwona Adam ameketi mbele ya njia mbili, akifurahi anapowaona wanaokwenda uzimani na kulia anapowaona wanaokwenda katika maangamizi. Na katika hadithi ya Abu Dharr (R.A.) aliyoipokea Bukhari, Mtume (S.A.W.) alimkuta Adam katika mbingu ya kwanza, akitazama kuliani kwake hucheka, akitazama kushotoni hulia, kwa kuwa hao ni roho za kizazi chake.

Kufanana hapa ni kwa kweli, na si uungwana kukuficha. Tunajibu kwa njia mbili. Kwa mwanahistoria asiyeamini, tunamwambia kwamba bado ana deni la sharti la pili: njia gani ilikifikisha kitabu hiki cha Kigiriki kwa mtu asiyesoma, katika Makka? Dhana si ushahidi. Na kwa Muislamu, jambo hili halina mshangao. Qur'ani imejieleza kuwa inasadikisha yaliyotangulia na kuyasimamia (Al-Maida, 48). Imetaja kwamba Ibrahim alionyeshwa ufalme wa mbingu na ardhi (Al-An'aam, 75) na kwamba Idris aliinuliwa mahali pa juu (Maryam, 57). Anayeamini kwamba Manabii wote walitumwa na Mola mmoja hatarajii kwamba habari zao zitakosa kukutana popote. Angeshangaa kama zingekosa.

PALE ZINAPOTENGANA

Wenye kulinganisha dini hupenda kuhesabu yanayofanana: ngazi, mbingu saba, milango, kiongozi wa safari. Mircea Eliade, katika kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu waganga wa Siberia, aliwakusanya wapandaji wa mbinguni wa mataifa mengi chini ya jina moja. Ni kazi yenye faida, lakini ina kasoro moja: mwenye kukusanya yanayofanana huyaacha yanayotofautisha, na mara nyingi maana ya kisa imo katika hayo yaliyoachwa.

Tazama nani anayetenda. Viraf alipanda kwa kunywa dawa. Mganga wa Siberia hupanda kwa ngoma. Mpandaji wa Hekhalot hupanda kwa kufunga, kwa majina na kwa mihuri. Wote hawa wana mbinu, na anayeijua mbinu ana ufunguo. Ama Sura ya Al-Israa, katika aya yake ya kwanza, imeanza kwa kumtakasa Aliyempeleka safari mja Wake usiku. Mtendaji ni Allah, na msafiri ameitwa mja. Hakupanda, alipandishwa. Hakutafuta mlango. Jibril ndiye aliyebisha katika kila mbingu, na kila mara waliulizwa ni nani yupo pamoja naye na kama ametumwa kuitwa. Hakuna muhuri wala jina la siri.

Tena tazama alirudi na nini. Wengine walirudi na siri ambayo haifundishwi ila kwa wachache, au na orodha ya adhabu. Mtume (S.A.W.) alirudi na Sala. Zilifaradhishwa hamsini, akarejea kwa Mola wake mara baada ya mara kwa nasaha ya Musa (A.S.) hadi zikawa tano kwa vitendo na hamsini kwa malipo. Na katika hadithi ya Ibn Masud (R.A.) aliyoipokea Muslim, alipewa mambo matatu: Sala tano, aya za mwisho wa Sura ya Al-Baqara, na msamaha wa madhambi makubwa kwa yule katika umma wake asiyemshirikisha Allah na chochote. Yote matatu ni ya umma mzima. Mchuuzi wa sokoni na mwanachuoni wanashiriki sawa katika zawadi ya usiku ule.

Hii ndiyo tofauti ya msingi, na ni tofauti inayoonekana hata kwa asiyeamini: katika visa vingine kupanda ndio lengo, na katika Miraji lengo ni kurudi na amri.

KITABU CHA NGAZI

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Mwaka 1264, katika utawala wa mfalme Alfonso wa 10 wa Kastilia, Bonaventura wa Siena alikifasiri kwa Kilatini na Kifaransa kitabu cha Miraji ambacho tabibu wa Kiyahudi, Abraham wa Toledo, alikwishakitoa katika Kiarabu na kukitia katika Kikastilia. Kikajulikana kwa jina la Kitabu cha Ngazi cha Muhammad. Na kilisomwa kama kitabu alichokitunga Mtume mwenyewe.

Ni kitabu gani hicho? Si Bukhari wala Muslim. Ni mkusanyiko wa visa vya wasimuliaji: Malaika nusu moto na nusu theluji, kuta za vito, maelezo marefu ya viumbe wa ajabu kila hatua. Ulaya ya Kikristo ilipotaka kujua Miraji, ilipewa msimuliaji wa barazani, ikadhani imepewa Qur'ani ya pili. Ikaucheka Uislamu kwa yale ambayo wanachuoni wa Kiislamu walikwisha kuyaonya.

Kitabu hiki kilizusha mjadala mwingine. Mwaka 1919 Miguel Asín Palacios, padri na mtaalamu wa Kiarabu wa Hispania, alidai kwamba Dante, mshairi wa Italia aliyefariki mwaka 1321, alijengea utenzi wake wa Akhera juu ya visa vya Miraji na maandishi ya Ibn Arabi. Wataliana wengi walikasirika. Kasoro ya dai lake ilikuwa sharti letu la pili: njia haikujulikana. Mwaka 1949, miaka mitano baada ya kufariki kwake, Enrico Cerulli na José Muñoz Sendino, kila mmoja peke yake, walichapisha zile tafsiri za 1264, na njia ikaonekana kuwa inawezekana.

Waislamu wengi hufurahia habari hii na kutangaza kwamba Dante aliiba kwetu. Tunawaasa wasiwe na haraka. Kwamba kitabu kilikuwepo Ulaya ni jambo moja, na kwamba Dante alikisoma ni jingine. Dante alikuwa pia na visa vya Kikristo na vya Kirumi, na amewataja Paulo na Enea kwa majina. Mizani ni moja: tukiikataa dhana inapotuumiza, hatuwezi kuikubali inapotusifu.

SILAHA TUNAZOWAPA WENGINE

Turudi nyumbani. Kinauzwa kijitabu cha Miraji kwa jina la Ibn Abbas (R.A.). Hakina sanadi inayomfikia. Hoja yetu si kwamba Ibn Abbas alikuwa mtoto mchanga wakati wa Miraji, kwani Sahaba mdogo hupokea kwa Sahaba mkubwa na hadithi yake hukubaliwa. Hoja ni kwamba wapokezi wanaofikisha maneno hayo kwake hawapo. Ibn Abbas wa vitabu sahihi ni mwingine kabisa: maneno machache yaliyopimwa, kama kauli yake aliyoipokea Muslim kwamba Mtume alimwona Mola wake kwa moyo, kauli ambayo Bibi Aisha (R.A.) hakukubaliana na wanaodai kuonekana kwa Mola usiku ule. Masahaba walihitilafiana katika jambo zito kama hili kwa adabu na kwa dalili. Msimuliaji wetu huamua katika dakika moja.

Vivyo hivyo kisa cha kwamba maneno ya Tahiyyatu yalikuwa mazungumzo baina ya Allah na Mtume Wake mbinguni. Husimuliwa sana, na huwaliza watu. Sanadi hakina. Kilichothibiti kwa Ibn Masud katika Bukhari na Muslim ni kwamba Masahaba walikuwa wakisema katika Sala "Amani iwe juu ya Allah", na Mtume (S.A.W.) akawafundisha kwamba Allah ndiye Amani, kisha akawafundisha Tahiyyatu. Kisa cha kweli kina somo la Tauhidi na cha kubuni kimelifunika.

Maimamu wetu waliotangulia hawakulala katika jambo hili. Sharik bin Abdillah alipopokea hadithi ya Miraji na kuongeza yasiyojulikana kwa wengine, pamoja na kusema ilikuwa kabla ya Wahyi, Muslim alibainisha kwamba ametanguliza na kuchelewesha, ameongeza na kupunguza. Na Sharik ni mpokezi ambaye hadithi yake imo ndani ya Bukhari! Ibn al-Jawzi (aliyefariki 597 H) aliandika kitabu kizima kuhusu wasimuliaji wa visa, na baada yake as-Suyuti akaandika kuwatahadharisha watu na uongo wao. Kama Augustino alivyoukemea Ufunuo wa Paulo katika dini yake, wanachuoni wetu walifanya hivyo kwa elimu iliyokamilika zaidi, yenye majina ya wapokezi mmoja mmoja. Tofauti ni kwamba sisi tumeacha kuwasikiliza.

Wala tusiwabebeshe Masufi lawama yote. Ibn Arabi (aliyefariki 638 H), katika Futuhat, ameeleza kwamba safari za mawalii ni za roho, na kwamba safari ya kiwiliwili ni ya Mtume (S.A.W.). Mtu anaweza kutofautiana na Ibn Arabi katika mengi, lakini mpaka huo ameuweka. Anayemsimulia walii wake kana kwamba alimkuta Mtume njiani akamsaidia kupanda, ameuvuka mpaka ambao hata hao anaodai kuwafuata hawakuuvuka.

HUKUMU KWA KHATIBU

Kutokana na hayo, khatibu afanye nini?

Kwanza, hadithi ya kubuni haijuzu kusimuliwa ila kwa kubainisha kuwa ni ya kubuni, hata kama inawaliza wasikilizaji na kuwavuta kwenye Sala. Onyo la Mtume (S.A.W.) kwa anayemzulia uongo kwa makusudi limepokewa kwa njia nyingi mno (mutawatir), na halikuwabagua wenye nia njema.

Pili, waliojuzisha hadithi dhaifu katika fadhila wameweka masharti, na Ibn Hajar ameyataja: isiwe dhaifu sana, iwe chini ya msingi uliothibiti, na asiitakidi mwenye kuitenda kwamba imethibiti kwa Mtume. Habari za ghaibu zenye kuingia katika itikadi hazimo katika mlango huo wa fadhila.

Tatu, kuhusu tarehe. Wanachuoni wametofautiana juu ya usiku wa Miraji, na Ibn Hajar katika Fat'h al-Bari amezitaja kauli zaidi ya kumi. Tarehe 27 Rajabu ni mashuhuri, si yenye yakini. Na katika risala yake kuhusu fadhila za Rajabu amebainisha kwamba hakuna hadithi sahihi inayofaa kuwa hoja ya kuuhusisha mwezi huo kwa funga maalumu wala kwa kisimamo cha usiku maalumu. Kukusanyika kusoma sira na kufundishana ni mlango mmoja, na wanachuoni wana maneno yao humo. Kuwaambia watu kwamba kuna sala maalumu ya usiku huo ni mlango mwingine, nao unahitaji dalili.

Nne, khatibu aanze na yaliyothibiti, na aone kama yanamtosha: hadithi ya Anas kutoka kwa Malik bin Sa'sa'a, ya Anas kutoka kwa Abu Dharr, na ya Thabit kutoka kwa Anas. Humo mna Manabii katika mbingu zao, mna Bait al-Maamur, mna Sidratul Muntaha, mna nasaha ya Musa na haya ya Mtume (S.A.W.) kwa Mola wake. Aliyeona kwamba haya hayatoshi kuwasisimua watu, basi upungufu uko katika kuyafahamu kwake.

Kijana anayekuja na swali la Arda Viraf anajibika. Tatizo ni pale anapokuja na Kitabu cha Ngazi mkononi na kusema, "Haya ndiyo niliyoyasikia msikitini," na akawa mkweli. Hapo hatuwezi kumlaumu mmishionari wa 1905. Yeye alikosea tarehe ya kitabu cha watu wengine, na sisi tumekosea sanadi za Mtume wetu. Na aliyepewa elimu ya sanadi ataulizwa zaidi kuliko asiyepewa.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.